Mnunuzi Aliyekula Kwetu

Hadi leo nikisikia mtu akisema "gari imechoka tu kidogo," damu inanipanda.

Nilikuwa nauza gari yangu ya michezo, ya milango miwili, iliyotoka Japani. Nilikuwa nimeishusha kwa springi fupi, nikaiwekea turbo kubwa na silensa iliyonguruma kama fahali anayetafuta ugomvi. Nilikuwa naipangusa kwa fulana zangu mwenyewe, tena zile nzuri. Nilitaka kuiuza kwa sababu moja tu: kulikuwa na ploti ndogo kando ya barabara hapa Kanja, na mwenye ploti alikubali kuningoja mpaka Jumapili. Mimi nilikuwa nimeshaiota gereji yangu mpaka rangi ya geti.

Mnunuzi alitoka Meru, mtu wa ofisi, akaja na fundi wake. Sasa, kwetu mgeni haanzi biashara na tumbo tupu, na mwenye nyumba hamwachi mgeni mezani peke yake. Mama alikuwa amechinja kuku. Nikaketi na mnunuzi. Fundi akasema, "Nyinyi anzeni, mimi niangalie injini kwanza, nisije nikachafua chakula na hii mikono." Nikaona ni mtu wa adabu. Adabu!

Alipomaliza, tukatoka kuwasha. Gari niliyoiendesha asubuhi mpaka Embu mjini na kurudi bila hata kupiga chafya, ikakohoa. Ikatoa moshi mweusi. Ndani ya boneti kitu kikapiga mluzi, fyuuu.

"Turbo imekufa, boss," fundi akamwambia mnunuzi kwa huzuni, kama mtu aliyefiwa.

Mnunuzi akanishika bega. "Kijana, gari imechoka tu kidogo. Nitakupa nusu, nikusaidie."

Nusu! Anisaidie! Nikafungua boneti. Bomba la hewa la turbo lilikuwa limechomolewa, klampu inayolibana imelegezwa, alama ya bisibisi bado mpya.

"Nani amefungua hii?"

"Hizi gari mnazichezeachezea, bro, zinajifungua zenyewe," fundi akasema.

Nikalirudisha bomba, nikakaza, nikawasha. Ikanguruma. Mnunuzi akacheka. Akacheka! "Haya, umetushinda. Biashara ni biashara. Nitalipa bei yako yote."

Kabla sijajibu, mama akaita mlangoni kwa Kiembu kwamba chakula kinapoa. Nikamwendea, nikamweleza yote. Akawatazama wale wawili, kisha akaniambia polepole, "Mtu ameshaonja chakula changu. Wacha ale amalize. Halafu ufanye unachotaka."

Basi tukarudi mezani. Hebu fikiria: mtu ametaka kukuibia mchana kweupe, na wewe unampakulia. Fundi akaomba mchuzi. Mnunuzi akasema, "Mama, hii mukimo ni tamu sana," na mama akamwongezea vile viazi vilivyopondwa na mahindi, bila kutabasamu. Mimi sikumeza kitu. Niliwaza ploti. Niliwaza kwamba bei yote ilikuwa pale mezani, katika mfuko wa mtu anayenyonya mfupa. Niliwaza pia gari yangu mikononi mwao, na siku watakapoiuza, watamdanganya nani tena. Roho ikaniuma, ikakataa.

Mama akatoa sahani, akawanawisha mikono, akanitazama.

"Siuzi," nikasema.

"Kijana, usikasirike bure. Pesa ni pesa."

"Nimesema siuzi. Nendeni."

"Kaa nacho basi hicho kidude chako," fundi akasema, akijichokoa meno.

Walienda. Sikupata mnunuzi mwingine wiki ile, na Jumapili ploti ikachukuliwa na mtu wa kuuza mbolea. Mama hakunilaumu hata siku moja. Lakini kila nikipita pale naona magunia yamepangwa mahali nilipotaka kuweka jeki yangu, na hasira inanijaa upya. Si kwa yule wa mbolea, yeye maskini hajui lolote. Hunipungia mkono. Nami humpungia, nimeuma meno.