Mdundo wa Mvua Niliopeleka Bokoli

Jamani, haya ninayowasimulia bado yananichoma uso, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana wenzenu wa Bokoli walishacheka mpaka wakashika mbavu na mimi nimesimama pale pale katikati yao.

Nyinyi mnanijua, mimi Karanja wa Kiminini, mtu wa kuota mchana macho yakiwa wazi. Gitaa nilianza kujifunza ukubwani na kwa sababu moja tu, Nekesa, msichana wa Kibukusu ambaye kwao ni huko Bokoli. Nyanya yake alikuwa amepona baada ya kuugua sana, familia ikapanga sherehe ya shukrani, na Nekesa akaniambia nije nipige wimbo mmoja wa kanisani ili babake anione vizuri, kwa sababu mzee alikuwa hajaamua kama ataniruhusu kuwaleta wazazi wangu kuzungumzia ndoa. Wimbo mmoja! (Nilikuwa najua kushika nota tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa ya kubahatisha.)

Binamu yangu Wanjiru, anayepiga gitaa kanisani kwetu, alinisikiliza kidogo akashika kichwa. Akasema mkono wangu unakimbia kama unafukuzwa na ng'ombe, niweke kwenye simu programu ya kunihesabia mapigo.

"Chukua hiyo ndogo," akaniambia. "Inapiga tik, tik, tik, basi. Ukishaizoea ndio utafute zingine."

Nikaiweka, nikaisikiliza jioni moja, nikaona inafanana na mfereji unaovuja. Sasa mtu ana mapenzi moyoni halafu unampa mfereji unaovuja? Nikaifuta, nikachukua nyingine yenye picha ya machweo, midundo tele ya kila pembe ya dunia, na vitufe ambavyo hadi leo sijui kazi yake. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo tu, na ndio ulionimaliza.

Kulikuwa na mdundo mmoja humo usio na jina, una namba tu, na kwa sababu vidole vyangu ni vizito niliupunguza mwendo mpaka mwisho. Wacha niwaambie, ulikuwa mtamu! Vyuma vidogo vinaanguka kimoja kimoja, polepole, kama mvua inapoanza juu ya mabati. Nilikuwa naketi barazani jioni, Mlima Elgon umeshapotelea kwenye ukungu, mahindi ya baba yananong'onezana huko shambani, napiga nota zangu tatu na kuondoka kabisa, simo tena Kiminini, niko kwenye nyumba ambayo haijajengwa bado, Nekesa amesimama mlangoni na leso kiunoni, mvua ya kwanza inanyesha na hakuna mtu anayekimbia kuanua nguo. Mama akiniita chakula mara ya kwanza sikuwa nasikia. Nilikuwa na furaha, siwafichi.

Siku ikafika. Hema limejaa, ng'ombe amechinjwa, babake Nekesa yuko mbele na mkewe karibu, na mjomba wake Nekesa, Wafula, ndiye mwenye maikrofoni. Simu yangu wakaiunganisha na spika kubwa. Nikafumba macho, mvua ikaanza, nikapiga ubeti wa kwanza bila kukosea, nikafungua jicho moja nikamwona mzee anatikisa kichwa kwa kuridhika. Basi nikavimba. Nikasema acha niongeze sauti kidogo, dole gumba likateleza likagusa kitufe cha mwendo, na ile mvua ikakimbia mbio zake za kweli.

Njuga! Zilikuwa ni njuga! Sisi wa huku tunazijua, mwaka wa tohara ukifika kijana Mbukusu huzunguka kwa jamaa zake akizipiga mikononi, anawaalika waje kumwona akitahiriwa, na akifika kwa mjomba anavishwa kipande cha nyama shingoni. Nimezisikia tangu utotoni, ila sikuwahi kuzisikia zikitambaa, ndiyo maana sikuzitambua. Na sasa ni mimi nimezileta, na ndevu zangu zote.

"Ati huyu mzee mzima bado?" nyanya akauliza, yule yule aliyekuwa mgonjwa.

Vigelegele vikapaa, vijana wakaanza kunizunguka kwa mbio wakiimba, mimi nabonyeza simu na kila nikibonyeza njuga zinaongezeka. Mjomba Wafula akaacha maikrofoni kwenye kiti, akaenda kwa wachinjaji, akarudi na kipande kirefu cha nyama mbichi.

"Kama wajomba zake wa Kitale walimnyima, mimi nitampea!" Akanivisha shingoni, juu ya shati jeupe.

Hapo akili ikaniruka. Nikanyakua maikrofoni nikapaza sauti, "Mimi nilitahiriwa zamani! Hospitalini Kitale! Kidonda kilipona vizuri kabisa!" Na Nekesa, katika kuniokoa, alikuwa ndio kwanza amechomoa waya wa simu, kwa hiyo maneno hayo yalitoka peke yake, safi, yakavuka ua na shamba la miwa la jirani.

Kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hustahiana mno, hata mkono hawapeani, sembuse kutangaziana habari za vidonda vya namna hiyo. Mama Nekesa alijifunika uso kwa leso akakimbilia jikoni. Niliona aibu ya kutaka ardhi inimeze, lakini zaidi ya aibu niliona huzuni, kwa sababu nilijua nimempoteza Nekesa.

Mjomba Wafula naye akaacha mzaha. "Shemeji," akamwambia babake Nekesa, "hii kitu iko na njia yake. Mtu akiaibisha mama mkwe, anarudi na branketi ya kumtoa aibu."

"Mama mkwe wa nani?" mzee akauliza. "Mimi sijapeana msichana."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu na ile nyama ikinidondoshea damu. Ndipo sauti ikatoka dirishani jikoni, mwenyewe haonekani.

"Mwambieni hiyo branketi ikuwe nzito, huku usiku kuna baridi. Na asikuje peke yake. Akuje na wazee wao."

Mzee alitazama lile dirisha, akakohoa, akaomba aletewe supu.

Mimi na wazee wetu tunaenda mwezi ujao. Nimeapa mbele ya Wanjiru kwamba siku hiyo sitashika gitaa, wala simu, wala maikrofoni hata wakinisihi. Nitashika blanketi, kwa mikono yote miwili, na mdomo nitaufunga.