Minza na Mimba ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Mhunze, wilayani Kishapu, Muuguzi Mfawidhi, yaani mkuu wa wauguzi wa kituo, alinionyesha wodi ya wazazi akaniambia, "Binti, hapa utasikia kelele kutwa, lakini utakuwa peke yako." Nilidhani ananitania. Mume sikupata, mtoto sikujaliwa. Nimezalisha wake za watu Kishapu, kisha Masumbwe, na mwishowe nikahamishiwa kituo kimoja cha afya kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Nyarugusu.

Huko ndiko nilikomkuta Minza. Alikuwa akiponda mawe kwa nyundo mpaka vidole vikavimba, akashindwa hata kufunga kanga. Hospitali kubwa walimkuta na baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mtu mwenyewe. Wakampa methotreksati, vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Kwa viungo ni dawa nzuri, ila kwa mimba ni hatari.

Alikuja kwangu mimba ya pili imetoka. Mumewe alishahama nyumba, anasema mke amerogwa.

"Kuna aliyekuuliza kama unataka kuzaa?" nilimuuliza.

"Hapana, nesi. Kule wanatazama mikono tu."

Nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, kumweleza. Alivua miwani. "Kabula, foleni ya malaria imefika barabarani, wewe unaniletea magonjwa ya viungo?" Nilibaki nimesimama. Mwishowe akapiga simu kwa daktari bingwa, akatuombea nafasi.

Bingwa alimsikiliza Minza vizuri. Akasema kwanza awekewe kijiti mkononi, kile cha uzazi wa mpango, ili asishike mimba ugonjwa ukiwa bado mkali. Methotreksati iachwe miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, na aanze haidroksiklorokwini, ambayo mjamzito anaweza kuendelea nayo. "Viungo vikitulia, kijiti tutakitoa," alisema.

Ilibaki kazi ya mume. Nilimfuata kwenye shimo wanaloliita duara, akapanda juu amejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mkeo hakurogwa. Ana ugonjwa wenye jina na dawa. Anakusubiri."

Alishuka tena shimoni. Wiki iliyofuata nilimwona kwenye benchi la kliniki, amekaa karibu na Minza, amebeba mkoba wake.

Tangu hapo kila mwanamke aliyekuja na viungo vilivyovimba nilimuuliza habari za uzazi, na kila mjamzito nilimuuliza habari za viungo na dawa anazotumia. Wenzangu wakaniita daktari wa magoti. Walikuwa wakicheka chumba cha chai, nikiingia wananyamaza. Nikazoea kunywa chai yangu wodini.

Viungo vya Minza vilipotulia, kijiti kikatolewa, na mimba ya tatu ikafika. Alijifungua msichana hospitali kubwa, nami nilikuwapo. Vidole vyake vilikwisha kupinda, havikuweza kumshika mtoto vizuri, basi nikampangia mito, mtoto akalala juu yake na kunyonya. Minza alilia. "Wabeja, mayu," alisema. Yaani, ahsante, mama.

Baadaye dhahabu ikasikika kwingine, wakahama. Simu yake haikupatikana tena.

Sasa nimestaafu, naishi Masumbwe katika nyumba ya vyumba viwili. Kuna siku napitisha kutwa bila kumsemesha mtu. Juzi sokoni nilimwona binti mjamzito akichagua nyanya kwa vidole vilivyovimba. Nikashindwa kujizuia.

"Mwanangu, kliniki wanajua habari ya vidole hivyo?"

"Wanajua, bibi. Nesi aliniuliza siku ya kwanza kabisa, wakanibadilishia dawa."

Nilimuuliza nesi gani. Akanitajia jina nisilolijua, akasema ni kijana tu aliyeajiriwa karibuni.

Nilirudi nyumbani haraka kama mtu mwenye habari ya kupeleka. Nikafungua mlango, nikasimama pale sebuleni na kikapu changu, hakuna wa kumwambia. Basi nikaisema kwa sauti, peke yangu, halafu nikaenda kubandika chai.