Ng'ombe wa Fremu Mia Tatu

Baba alikuja Bariadi kutoka Lingeka kuikagua kazi yangu. Watu wa nyumbani walikuwa wakimuuliza binti yake anafanya nini mjini, naye alikuwa amechoka kujibu kwamba anakaa chumbani na kompyuta. Alisema akiiona kwa macho yake atajua la kuwaambia. Ikiwa si kazi, nifungashe nirudi naye.

Kazi yenyewe ilikuwa gemu la ng'ombe wanaorudi zizini, na mchezaji huwahesabu wakipita langoni. Linachezwa kwenye kivinjari, kilekile watu wanachosomea habari. Kivinjari changu huchora fremu sitini kwa sekunde, yaani picha sitini, na hakizidishi hapo hata ukikibembeleza. Mimi nina kiherehere. Asubuhi ile, kabla baba hajafika, nilitafuta amri za kuondoa kikomo hicho, nikaziandika, nikakifungua upya. Namba kwenye kona ikapanda ikapita mia tatu. Nilifurahi sana, nikakaa naitazama namba. Ng'ombe sikuwatazama.

Baba alipofika nilimpigia goti, nikamwamkia kwa lugha yetu. "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akaketi, fimbo mapajani. Nikaanzisha gemu.

Ng'ombe walipita langoni kama mahindi yanayomwagwa kutoka kwenye gunia. Baba aliwatazama hadi wa mwisho.

"Hawa ni wa nani?"

"Wetu, baba. Wanarudi zizini."

"Ng'ombe aliyeshiba harudi hivi. Hawa wameibwa, ng'wanone. Anayewaswaga anaogopa kukutwa."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika kwamba kila fremu mpya ikichorwa, ng'ombe asogee hatua moja, kwa hiyo fremu zilipoongezeka mara tano, mbio nazo ziliongezeka mara tano. Nilimweleza. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza viongozi kwenye mkutano wa kijiji, kwa heshima na bila kuamini.

Nikakirudisha kikomo. Niliona aibu, na niliogopa, maana nguo zangu zote zingeingia kwenye begi moja.

Ng'ombe wakaanza kutembea. Baba akasogeza kiti karibu na kioo, midomo ikawa inacheza. Alikuwa anahesabu.

"Yule mweusi anachechemea."

"Nilikosea kumchora mguu, baba."

"Mtazame kwato kwanza."

Nikasema nitamtazama. Gemu lilipoisha akataka lianze tena, nikalianza tena. Mara ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza atawaambia nini watu wa nyumbani.

"Nitawaambia unachunga," alisema, macho yakiwa bado langoni.

Kwetu wanaochunga ni wavulana. Nilipokuwa mdogo nilimwomba nami niende na ng'ombe, si mara moja, na kila mara alikataa. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai, nikalia huko kidogo.