Mjusi wa Kucha Nyeupe

Baba yangu ni fundi baiskeli, na nyekundu na kijani kwake ni rangi moja. Ndiyo maana watu hucheka wakisikia kwamba nyumbani anafuga mijusi wenye ndevu, wale wa miiba kidevuni, na kwamba sifa yake yote ni wekundu wa mijusi hao. Hata mimi hucheka, ila najua kwamba macho ni ya mama. Mayai yakianguliwa, baba hushika sanduku la kioo, naye mama huonyesha kwa kidole: huyu abaki, yule apewe mtu. Juu ya hilo hawajawahi kugombana, nao ni watu wa kugombana hata juu ya chumvi.

Kisha mama akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema upasuaji wenyewe ni mdogo. Mama akakataa katakata. Hakuna atakayemtia kisu jichoni akiwa na akili zake timamu. Akawa anamwaga chai nje ya kikombe na kusema vikombe vya siku hizi ni vidogo. Nilimbembeleza, nikanuna, nikamwita mkaidi, wapi. Kilichoniuma zaidi ni siku aliposema mijusi wagawiwe watu, kwani nani atawachagua tena?

Baba hakubishana. Alikwenda akawaweka pamoja mijusi wawili ambao mama hakuwahi kuwapenda, wekundu wao umefifia na kucha zao nyeusi. Nilimwambia amechanganyikiwa. Akanieleza, huku akifuta grisi mikononi, kwamba kila mmoja wao alikuwa na mzazi mwenye kucha nyeupe pe. Urithi huo hujificha. Ukitoka kwa mzazi mmoja tu, hauonekani. Mtoto akiupata kwa wote wawili, weusi humpungua mwili mzima na rangi yake hung'aa. Kwa wastani, ni mtoto mmoja kati ya wanne.

"Na kucha," akasema, "hata mimi naziona."

Siku ya kuanguliwa, baba aliinamia sanduku akichungulia vidole, akamtoa mmoja, akamweka kwenye kiganja cha mama karibu na dirisha. Mama akamsogeza hadi puani.

"Mzee, huyu ni mwekundu," akasema. "Namwona kwa ukungu, lakini ni mwekundu. Wewe umemjuaje?"

Baba akamwambia habari ya kucha. Mama akageuza kiganja huku na huku akizitafuta, akakunja uso, akatafuta tena. Hakuziona. Nilimhurumia, kwa maana hakuwahi kukosa kitu chochote kwenye mijusi wale. Baba alitazama pembeni, lakini tabasamu halikumtii.

Mama alimrudishia mjusi wake, akanigeukia mimi.

"Kesho nipeleke kwa daktari," akasema. "Siwezi kushindwa kuona na mzee huyu."