Mahamri ya Mkandaji

Mama yule wa Kijerumani alinieleza mara tatu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, nami nikamweleza khalati mara nyingi zaidi. Asubuhi ya kukandwa asikae karibu na moto. Alale, mguu uwe juu ya mito. Anywe maji mengi. Aoshe mguu kwa sabuni, aukaushe vizuri katikati ya vidole, wala asipake mafuta ya aina yoyote. Mtoto wa chuoni angeyashika hayo.

Khalati ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea pale Mambrui. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kwa matende, na kwa miaka miwili alikuwa akiswali juu ya kiti. Hilo ndilo lililomuuma. Kutembea kwa shida alikuzoea, kutazamwa na watu alikuzoea, lakini kila kukiadhiniwa aliutazama mkeka wake kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Mjerumani huyo alikuwa muuguzi mstaafu, anaishi Malindi. Tulijuana nilipokuwa nikitandika vitanda katika hoteli moja ya Kikambala, miaka hiyo ya themanini ambayo sikukaa mahali hata nguo zikakauka. Alijua namna ya kukanda inayopunguza maji yaliyotuama mguuni. Alikubali kumwona khalati Ijumaa ile tu, maana baada yake angekwenda kwao kuyakwepa masika. Akaweka sharti: mguu ukija na joto hataugusa. Joto huenda likawa homa ya mguu, na kuukanda mguu wenye homa ni kuusambaza ugonjwa mwilini.

Ijumaa yenyewe niliamshwa na harufu ya iliki. Khalati alikuwa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha kando ya jiko la mkaa, anakaanga mahamri.

"Khalati, jana tulisemaje?"

"Tulisema mengi. Mtu aninyanyulie gogo hili, kisha mimi niende mikono mitupu?"

"Ameshasema hataki kitu."

"Asiyetaka kitu ndiye wa kupelekewa."

Nikamwondoa jikoni, nikamlaza, nikampangia mito, nikamalizia kukaanga mwenyewe ili asipate sababu ya kuinuka. Kisha nikaenda kuchota maji ya kumwogesha. Niliporudi, jirani yetu, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kutwangia, alikuwa amepanda kitandani na chupa ya mafuta ya simsim aliyoyapasha moto. Anausigina ule mguu kama anakanda unga.

"Naulainisha," akasema. "Umekakamaa huu. Mzungu wa watu atachoka bure."

Nikamwambia mafuta yamekatazwa. Akanijibu kwamba yeye amekanda wazazi wote wa mtaa ule kabla mimi sijajua kujifunga leso. Alipoondoka niliuosha mguu kwa sabuni, nikauosha tena, na bado mikono yangu iliteleza. Khalati alinitazama nikihema, akacheka.

"Mungu alitugawia vibaya mimi na wewe. Mguu wangu hautoki nyumbani, wako haukai."

Nilikuwa nimetoka Magarini juzi yake, na Jumapili nilipanga kwenda Lamu.

Maji ndiyo yaliyonimaliza kabisa. "Ninywe, kisha njiani nijisitiri wapi? Darajani Sabaki?" Akanywa funda moja la kuniridhisha. Yaliyobaki aliyamwaga dirishani nilipogeuka kutafuta buibui lake.

Tulifika Malindi na bakuli la mahamri limefungwa kitambaa. Muuguzi aliugusa mguu kwa mgongo wa kiganja, akagusa ule mwingine, akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Moto," akasema. "Usiku ulisikia baridi? Homa?"

"Sina homa mimi."

"Sasa moto wa nini?"

Khalati akaliangalia bakuli.

"Wa jiko," nikasema.

Muuguzi hakucheka. Alimlaza, akaupandisha mguu juu, akamwekea jagi la maji. Tungoje, alisema. Usipopoa, turudi nyumbani, tutaonana akirejea, Mungu akijalia. Khalati akanywa bilauri baada ya bilauri bila kuambiwa na mtu, macho darini, midomo ikienda kwa dua. Mimi nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata kumwitikia amina sikuweza.

Muuguzi alirudi, akagusa tena. "Sawa," akasema, na akaanza kumpapasa shingoni.

"Mwambie mguu uko huku chini," khalati aliniambia kwa sauti ndogo.

"Anajua, khalati."

"Hajui. Na mkono huu, anakanda au anafukuza nzi?"

Njia za juu hufunguliwa kwanza, muuguzi alitueleza, ndipo maji ya chini yapate pa kupita. Akateremka polepole, tumbo, nyonga, paja. Kisha akaniita, akaiweka mikono yangu chini ya yake. Kazi hii ni ya kila siku, alisema, na yeye anaondoka.

Khalati akainua kichwa. "Usimfundishe huyo, mama. Huyo hakai. Mfundishe jirani yangu."

Akilini nikamwona jirani na chupa yake ya mafuta. "Nitakaa," nikasema, na ilikuwa hasira zaidi kuliko wema.

Masika yote nilikaa Mambrui. Kila asubuhi tuligombania jiko, tukagombania maji, tukagombania bandeji ya kuubana mguu tuliyopewa na muuguzi, aliyoifungua kila nilipompa mgongo kwa sababu ilimwasha. Mguu ulipungua. Haukuwa kama mwenziwe, lakini goti lilipata kukunjika kidogo.

Siku moja alasiri nilikuwa uani nafua, nikasikia ananiita kwa ukali. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, ameshamaliza kuswali, kiti chake kiko kule pembeni. Alikuwa ameshuka mwenyewe, na kuinuka hawezi.

"Ulikuwa wapi?" akanigombeza, kana kwamba mimi ndiye niliyemshusha. "Nimekaa hapa kama gunia. Hebu ninyanyue."