Kilo za Mama Matangi

Mguu wa kulia ulipita. Wa kushoto ukapita. Kiuno kikakataa.

Mama Matangi alijikuta amekaa kwenye mdomo wa tangi la maji kama kizibo kwenye chupa, miguu ikining'inia gizani, kifua na mikono nje juani, juu ya paa la jengo la ghorofa nne. Alijaribu kushuka, hakushuka. Alijaribu kupanda, hakupanda. Wifi yake, dada wa mumewe na mwenzake wa kazi, alimshika makwapani akavuta mpaka yeye mwenyewe akaanguka kitako.

"Toa pumzi, wifi."

"Nimeshaitoa yote."

"Basi acha kucheka."

"Nani anacheka? Mimi nalia!"

Msimamizi wa jengo alipanda kuangalia kelele ni za nini. Akasimama mikono kiunoni. "Mama, mimi nimekuita uoshe tangi. Sikukuita uligeuze kigoda." Alishuka, akarudi na chupa ya sabuni ya vyombo. Wifi akaimimina kuzunguka kiuno chote, na Mama Matangi akajikaza kisabuni, tena kwa sabuni ya kweli, mpaka akachomoka.

Siku hiyo aliyeingia ndani ni wifi. Hilo ndilo lililomuuma Mama Matangi, si michubuko.

Kuosha matangi ilikuwa kazi yake kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote katika familia. Aliianza akiwa msichana mwembamba, akaolewa nayo, akamfundisha wifi yake. Maji hufunguliwa yaishe, mmoja huingia na brashi na ndoo, husugua kuta, huzoa tope la chini na kumpa mwenzake aliye juu. Ndani kuna giza, joto na mwangwi, na mtu anaweza kuzidiwa bila kujua. Kwa hiyo walikuwa na sheria moja: aliye nje hanyamazi. Anaweza kusimulia habari za majirani, anaweza kuimba vibaya, anaweza hata kumsengenya mume wa mtu, lakini hanyamazi, na aliye ndani hujibu. Ukimya ukitokea, upande wowote, kazi inasimama.

Mama Matangi alipapenda mle ndani. Ukishaingia, dunia yote hubaki duara moja la mwanga juu ya kichwa, na kazi iliyo mbele yako ina mwanzo na mwisho. Mama yake mzazi alipofariki, ndimo alimokwenda kulia, huku akisugua, na wifi huko juu akapandisha sauti ya wimbo ili wenye nyumba wasisikie. Lakini tangu mwaka huo huo akaanza kula amesimama. Alionja chungu, akamaliza masalio ya watoto, akakata kipande cha mkate kila alipopita jikoni. Huzuni haikumkondesha kama inavyowakondesha wengine. Ilimnenepesha taratibu, bila kubisha hodi, na yeye akawa wa mwisho kujua.

Sasa alijua. Akaapa kwamba mvua zitamkuta akiingia tangi lile lile, na mvua zilikuwa karibu.

Alikata kipande cha mpira wa maji, akakifunga duara sawasawa na mdomo wa tangi lililomnasa, akakitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Kila asubuhi alisimama ndani ya duara lile akalipandisha. Lilipita magoti, likapita mapaja, likagoma kwenye nyonga. Mumewe, fundi viatu asiyependa maneno mengi kabla ya chai, alimtazama kutoka kitandani.

"Mke wangu, siku hizi unavaa tairi?"

"Navaa kazi yangu."

Asubuhi alikunywa chai kavu. Mchana alikula tango. Jioni maji ya moto na ndimu. Wiki ya kwanza duara lilipanda kidogo, akatembea kifua mbele. Wiki ya pili akawa mkali kama pilipili, watoto wakawa wanampisha mlangoni kama wanampisha askari. Wiki ya tatu, siku aliyobaki peke yake nyumbani, alikula mkate mzima amesimama, bila kusikia ladha yake. Kesho yake akajiadhibu: hakutia kitu mdomoni. Na hiyo kesho ilikuwa siku ya kazi.

Walikuwa juu ya paa la bweni la shule. Wifi yumo ndani, Mama Matangi yuko nje, jua la saa sita limesimama utosini. Alikuwa akisimulia habari za jirani yao aliyenunua kochi lisilopita mlangoni. Katikati ya kisa, paa likainama. Hakuanguka. Aliteleza tu akakaa, kichwa magotini, masikio yakivuma. Sauti ya wifi ilimfikia kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Halafu kochi likawaje?"

Ulimi wake ulikuwa mzito. Ukuta wa tangi ukagongwa.

"Wifi, kochi likawaje? Wifi! Wifi!"

Alisikia kila neno, asiweze kujibu hata moja. Akasikia ndoo ikigeuzwa, mtu akiikanyaga, akijivuta, akikwaruza. Wifi alitoka kwenye mdomo wa tangi amepakaa tope mpaka kwenye kope, magoti yakichuruzika damu. Alipomwona amekaa anapumua, alimpa maji kwanza, akamtilia sukari ya chai yao mdomoni kama mtoto, akangoja macho yake yatulie. Ndipo akafoka.

"Nilidhani umekufa. Halafu nikadhani na mimi nitafia humu, ninuke tope mpaka ahera."

"Nisamehe, wifi."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Ukija tena kazini na njaa, mimi siingii. Utafute mwingine wa kumnyamazia."

Neno hilo lilimwingia kuliko matusi. Miaka yote hiyo hakuwahi kumnyamazia mtu aliye ndani. Alidhani anapigana na kilo zake mwenyewe, vita vya mtu na mwili wake. Kumbe alikuwa ameweka na uhai wa mwingine kwenye mizani hiyo hiyo.

Juma lile lile walikwenda zahanati, wifi akimsindikiza ili asirudie njiani. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, alisema wifi, na aliirudia methali hiyo mpaka getini. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, naye mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimpima uzito, akampima presha, akaipima tena. Ilikuwa imeanza kupanda, si ya kutisha, lakini ya kutazamwa.

"Haya mama, unataka nini hasa?"

Mama Matangi alitoa lile duara la mpira kwenye mfuko, akaliweka mezani. "Nataka kupita hapa."

Muuguzi alilinyanyua, akachungulia ndani yake kama dirisha. "Wengine huniletea picha zao za harusi. Wewe umeniletea mpira." Akaliweka chini. "Unene huu umekuja kwa muda gani?"

"Miaka saba. Pengine minane."

"Na unataka uondoke kabla ya mvua. Uliupa notisi?"

Wifi aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Sikia, mama," muuguzi akasema, sasa bila mzaha. "Mwili wako huwezi kuuamrisha ukonde. Mkono wako unaweza kuuamrisha. Kwa hiyo usijiwekee lengo la mwili peke yake, jiwekee la mkono. Chagua mambo mawili utakayoyaweza hata siku mtoto anaumwa, hata siku umegombana na mumeo. Yakishazoeleka, tutaongeza la tatu. Nusu mwaka ukiisha, ukiwa umepungua sehemu moja katika ishirini ya uzito wako, nitasimama nikupigie makofi. Na presha yako itashukuru."

"Sehemu moja katika ishirini? Hiyo haitoshi hata mguu."

"Ndiyo itakayokaa. Wewe umeshapungua mara ngapi, kilo zikarudi?"

Mama Matangi alihesabu kwa vidole, vya mkono mmoja vikamwishia. Kisha akauliza taratibu, kama anayeulizia mgonjwa: "Na tundu?"

"Labda utapita. Labda hutapita kamwe. Una nyonga za mama wa watoto watatu, na mfupa haukondi." Muuguzi akalitazama tena lile duara. "Kwani matangi yote yana mdomo mmoja?"

Hayana. Nani alijua hilo kuliko yeye? Kuna midomo ya kupitisha paka tu, na kuna ya kupitisha mtu na ndoo zake. Mtu wa kazi nyingine asingeweza kufanya kosa lile: Mama Matangi aliijua midomo yote ya matangi ya mji ule, akachagua mmoja uliomwaibisha, akaufanya kipimo cha maisha yake.

Wakirudi, walikaa kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Midomo midogo yako," akasema Mama Matangi. "Mikubwa yangu, nikishapungua na presha ikitulia. Malipo nusu kwa nusu kama zamani."

"Na kelele?"

"Kelele kila mtu zake."

"Basi tumeelewana. Mimi sikutaka kukunyang'anya tangi, wifi. Mle ndani kunanuka."

Mambo mawili aliyoyachagua hayakuwa ya kujivunia mbele ya watu. La kwanza, hatakula amesimama: chakula chochote, hata kipande cha mkate, kitawekwa kwenye sahani na yeye atavuta kiti. La pili, hatapanda paa kabla ya kula asubuhi. Baadaye likaja la tatu, kurudi nyumbani kwa miguu, njia ambayo kwa ulimi wa wifi haikuwa ndefu. Lile duara alilichukua kitinda mimba wake, akaliendesha kwa fimbo barabarani mpaka likapotelea mtaroni. Hakuna aliyelitafuta.

Kukaa mezani kulikuwa kugumu kuliko njaa. Mikono ikishakosa cha kufanya, huzuni ya zamani ilikuja ikavuta kiti upande wa pili. Mwanzoni alitaka kuinuka. Kisha akaiacha ikae. Alikula, nayo ikamtazama, na siku nyingine iliondoka kabla sahani haijaisha.

Kilo zilishuka kwa kusitasita. Kuna miezi mizani ilimwambia neno lile lile kila alipoipanda, akamlalamikia muuguzi kuwa amekwama. "Umesimama," muuguzi akamsahihisha. "Kurudi nyuma ndiyo habari nyingine." Kuna safari alikwenda kwa kaka yake, akala kwa siku kadhaa kama kesho haipo, akarudi na ziada. Mama Matangi wa zamani angeanza Jumatatu na tango. Safari hii aliamka, akavuta kiti, akanywa uji wake, akachukua brashi. Aliyejikwaa njiani harudi nyumbani kuanza safari upya.

Mvua zilikuja zikapita, zikaja nyingine. Sehemu yake moja katika ishirini ilitimia, ikazidi kidogo, na presha ikashuka. Muuguzi alisimama akapiga makofi kweli, mpaka wagonjwa wakachungulia mlangoni. Mbele ya watu bado alikuwa mwanamke mnene. Nguo alivaa zile zile, amezibana kidogo mbavuni.

Kisha wakaitwa kwenye hosteli moja, tangi kubwa, mdomo mpana. Mhudumu aliyewafungulia ngazi aliwapima kwa macho, mmoja baada ya mwingine. "Anaingia huyu mwembamba, sivyo?"

"Naingia mimi," akasema Mama Matangi, akavua viatu.

Mguu wa kulia, wa kushoto. Nyonga ziligusa ukingo pande zote mbili, zikasuasua, zikapita. Alisimama chini kwenye unyevu, akaweka kiganja kwenye ukuta, akavuta harufu ya tope ambayo hakuna mtu mwingine duniani angeitamani hivyo.

"Umefika?" wifi akauliza kutoka kwenye duara la mwanga.

"Nimefika."

"Mbona umetulia? Sugua bwana, jua linachoma huku!"

Akasugua. Mikono ilikumbuka yenyewe. Huko juu wifi alianza na umbea wa mtaa mzima, ukamwishia, akahamia kwa aliye ndani.

"Haya niambie. Mwakani unataka upungue ngapi?"

"Mwakani sitaki kupungua. Nataka nibaki hivi hivi mwaka mzima. Baada ya hapo tutaongea."

"Mwaka mzima kubaki pale pale? Hilo si lengo la mvivu hilo?"

"Kushuka, wifi, hata jiwe linashuka. Kubaki ndiyo kazi." Akainua ndoo ya kwanza kwa mikono miwili, juu ya kichwa chake, kuelekea kwenye mwanga. "Pokea. Na usinichekee, ni nzito."