Asubuhi Hatumwi Mtoto

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msije mkadhani nawachukia wanaosomesha watoto nyumbani. Ninaowachukia ni wale wanaoliona darasa kwa macho yao, halafu wanamwita mtoto akanunue chumvi.

Mwanangu anafanya kazi Mikumi, huku Kilosa anarudi kila Ijumaa. Yeye na mkewe walikubaliana watoto wao wawili, msichana na kaka yake, wasome nyumbani, dini na hesabu pamoja. Mkwe wangu kasomea ualimu. Kila asubuhi alitandika mkeka barazani, akaegemeza ubao ukutani, akaanza. Mimi niliyeishia kisomo cha watu wazima nilikaa pembeni na ungo wangu wa mchele, nasikiliza, roho yangu kwatu.

Raha haikudumu. Huku kwetu mtoto akionekana nyumbani asubuhi, basi hana kazi. Na wa kutumwa ni msichana tu. Jirani anachungulia: "Shoga, niazime binti anishikie mtoto, nafika mashineni mara moja." Hiyo mara moja ni mpaka jua la utosi. Mgeni akipiga hodi, msichana anainuka: shikamoo, kiti, maji ya kunywa. Kaka yake kakaa palepale, hata shingo hageuzi. Mama yao naye, mwalimu mzima: "Hebu kaangalie sufuria." Mtoto akirudi, ubao umeshafutwa. Angekuwa shuleni, nani angethubutu kuingia darasani kumtoa?

Ijumaa moja baba yao alitoka msikitini, akala, akawaita wamsomee. Mvulana akaisoma sura yake bila kusita. Dada yake akakwama aya ya pili, na hesabu za kugawanya hakujua hata pa kuanzia.

"Huyu kichwa kizito," mwanangu akasema, mtoto anamsikia. "Kuanzia Jumatatu asaidie jikoni. Tumsomeshe kaka yake."

Msichana akavuta mtandio akaficha uso. Nilipandwa na hasira, ungo nikauweka chini kwa kishindo.

"Kugawanya kulipofundishwa, alikuwa wapi?"

"Mama, mimi niko Mikumi, nitajuaje?"

"Alikuwa kwa jirani, kabeba mtoto wa watu! Na aya hiyo mwenzake anaisoma, yeye anakuna nazi ya wali uliokushibisha sasa hivi. Umefungua shule ya mtu mmoja, huyu mwingine umemfanya mtumishi, halafu unamgombeza hajui somo!"

Mkwe wangu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tukiwakatalia majirani watasema tuna kiburi."

"Waseme. Waje waniambie mimi."

Mvulana akacheka. "Leo Bibi kawaka!"

"Cheka, mume wangu, cheka vizuri. Jioni vyombo vyote ni vyako."

Nikamwita msichana. "Mke mwenzangu, futa uso, njoo hapa usikie." Kisha nikawaambia wote:

"Kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, mtoto wa nyumba hii hatumwi. Wageni nitawapokea mimi, mlangoni nitakaa mimi. Chumvi ikiisha, tutakula bila chumvi. Na huyu akae mbele, karibu na ubao, asiinuke hata nikimwita mimi mwenyewe."